Bi Mashavu na Sura Tano

Salha, kiongozi wa wabunifu watano, alitakiwa kumpelekea mkuu wa kazi sura moja, yaani mchoro wa ukurasa wa kwanza, ya programu ya simu ya zahanati kabla ya saa sita mchana, la sivyo kikundi chake kingevunjwa. Mezani palikuwa na sura tano, kila moja kwenye karatasi yake na pia ndani ya simu ya majaribio, na hakuna mbunifu aliyekubali yake iachwe.

"Ya Kombo ina rangi kama kanga za harusi," Nasra alicheka.

"Yako ina maneno kama hotuba ya mkuu wa wilaya!" Kombo akamjibu.

Salha akamkaribisha Bi Mashavu, mgonjwa wa presha, azijaribu. Bibi hakubonyeza kitu. Alimpa simu Kombo, aliyeketi karibu naye, kama afanyavyo kwa jirani yake nyumbani. "Nisomee, mwanangu."

Kombo akasoma sura yake, Nasra yake, na wenzao zao. Alipomaliza wa tano, bibi alishika kichwa.

"Wajukuu zangu, Mungu awazidishie elimu. Lakini mimi nataka kujua daktari leo yupo au hayupo, ili nijue kama nifunge safari."

Hakuna aliyekuwa ameliandika hilo popote. Kombo akaangua kicheko, akaikunja karatasi yake. Nasra akatandika nyingine mpya katikati ya meza.

Salha akapiga goti, akaishika mikono ya bibi. "Ahsante, bibi. Umenifanyia kazi yangu."

"Kazi gani? Nimekaa tu!"

Nyuma yao mtu aliuliza neno "yupo" likae wapi, na vidole vikaanza kuielekea karatasi tupu.