Kichwa Kiwe Kwenu

Koultoumi alikuwa anaipepea kompyuta. Si utani. Alikaa kwenye kigoda, kipepeo cha ukili mkononi, akilipepea kabati la chuma lililojaa mashine zinazonguruma, jasho likimwingia machoni. Kiyoyozi alikuwa amekizima ili dizeli iliyobaki kwenye jenereta izilishe mashine tu.

Kisiwa cha Nzwani kilikuwa kimejitenga na serikali ya Moroni, kisha majeshi yakashuka Mutsamudu, mji wake mkuu, na sasa bunduki zimenyamaza. Lakini ndege, mafuta na laini ya kompyuta ya kuunganisha visiwa vilikuwa havijarudi, na huku Ngazija umeme nao ulikuwa umekatika. Na mumewe, Charif, alikuwa amekwama huko Nzwani.

"Usizime," aliliambia kabati. "Nakuomba, mwanangu, usizime."

Biashara hii waliianza wakicheka. Charif ni mtu wa Mutsamudu aliyeoa Mvouni, Ngazija, na kwa mila ya hapa akahamia nyumba ya mkewe. Chumba kimoja cha nyumba hiyo wakakifanya ghala la kompyuta, kingine wakakifungua Mutsamudu, mtaa wa Hombo, kwa mama yake Charif. Wenye maduka ya soko la Volo Volo, mwenye duka la dawa, hata chama cha vijana walioko Marseille, wote wakaleta kumbukumbu zao kuwekwa.

"Mlima Karthala ukitema moto, vitu vyenu viko Mutsamudu," Charif aliwaambia. "Mutsamudu ikiungua, viko Mvouni. Nani mwingine atawalindia hivyo?" Wateja walikuja, tena kwa furaha.

Ila mashine mbili haziwezi kuongoza pamoja. Moja huwa kichwa, nyingine huiga: kilichomo kichwani na huku kiwemo, kisichokuwamo kichwani, huku kifutwe. Hapo ndipo ndoa nzima ilipoingia siasa.

"Kila kitu Moroni!" Charif alilalamika, nusu mzaha, nusu kweli. "Serikali Moroni, vyeo Moroni. Hata mashine nazo zitawaliwe na Ngazija?"

"Wee! Usinililie bwana," Koultoumi akacheka. "Haya, kichwa kiwe kwenu."

Alimpa kama zawadi, naye Charif alitembea kifua mbele wiki nzima.

Binti yao, Asmahane, alikuwa na kawaida yake. Akipewa mkate, anaukata vipande viwili, cha baba na cha mama, anafumba jicho moja kuvipima, kisha anauliza, "Sawa?" Charif akalichukua neno hilo akalitia kwenye mashine. Kila zilipomaliza kulinganisha vilivyomo, ziliandika kwenye kioo: Sawa.

Kisha homa ikamchukua Asmahane. Walimzika bado hajaanza shule.

Charif hakuweza kuvumilia kukutana na sura ya mtoto kila anaposhika simu au kamera. Picha na video zake zote akazihamishia ndani ya mashine, pamoja na vitu vya wateja, akazifunga. Kufunguka zilifunguka kutokea Hombo tu, kwenye kichwa. "Hakuna mahali salama kuliko humo," alisema. Koultoumi akabaki akijua mwanawe yumo kabatini, na kumwona hawezi. Iliuma, jamani, lakini alilala karibu naye.

Charif alikwenda Hombo kubadilisha betri tu. Nyuma yake njia zikafungwa. Simu ziliporudi baada ya miezi mingi, maneno yake ya kwanza hayakuwa salamu.

"Mama Asma, umeme umerudi kwa kishindo. Umeunguza mashine zote. Huku hakijabaki kitu."

Koultoumi aliketi sakafuni.

"Huku yupo," alisema. "Nampepea."

Charif alilia kwa sauti, mwanamume mzima, simu ikiwa sikioni. "Basi usimwache. Nimepata mashine mpya. Naiweka pale pale, naipa jina lile lile, iwe kichwa kama ile ya kwanza. Laini ikirudi tu, atakuja kwangu."

Tangu hapo Koultoumi akawa ombaomba wa dizeli. Jirani mwenye lori alimnyonyea kidogo kutoka kwenye tangi. Mwenye mashine ya kusaga alimpa ya mwisho aliyokuwa nayo, akamwambia asimrudishie. Kijiji kizima kilijua analisha nini, wala hakuna aliyethubutu kumwambia hizo ni picha tu.

Alasiri ya Ijumaa jenereta likaanza kukohoa, na taa ya laini, iliyokuwa imekufa muda wote, ikawaka kijani. Hapo hapo simu ikalia.

"Imerudi!" Charif alikuwa anahema. "Umeiona?"

"Nimeiona! Baba Asma, mafuta yanakwisha. Niguse chochote kwanza?"

"Usiguse kitu! Kila kitu kiwe vile vile tulivyokiacha. Wewe unganisha tu."

Alisema Bismillahi, akabonyeza. Maandishi yakaanza kukimbia juu ya kioo, na Koultoumi akacheka na kulia kwa pamoja, kipepeo bado mkononi.

"Inakwenda!" alipiga kelele. "Mpokee mwanao!"

Zamani kazi hiyo ilichukua muda wa kuivisha wali. Safari hii ilikwisha kabla hajafuta machozi.

"Imeandika Sawa!" Charif alishangilia kule Hombo. "Mama Asma, imeandika Sawa!"

Kisha zikasikika vidole vyake vikibonyeza, akizitafuta picha.

"Lakini mbona kwangu bado patupu?"

Koultoumi alikitazama kioo chake. Lilikuwapo neno moja tu.

"Na kwangu patupu," alisema.