Pembe Sita

Asubuhi ile Mwatumu alimleta mdogo wake Shomari maabara, akamkalisha mbele ya hadubini. Kwa miaka tisa Mwatumu alikuwa akitafuta namna ya kuzifanya chembe za mafuta zijipange zenyewe, zibebe dawa na kuifikisha mpaka kwenye ini. Jana yake zilikuwa zimejipanga.

Shomari aliinamisha macho yake yaliyogeuka manjano. "Loo! Kama sega la nyuki. Nani kazichora?"

"Hakuna. Zimejipanga zenyewe."

"Zote pembe sita?"

"Zote."

Shomari alicheka mpaka kikohozi kikamkatiza. Kisha, bila kuinua kichwa, akauliza, "Na dawa yenyewe lini, Dada?"

Mwatumu alikuwa ameandaa uongo tangu alfajiri, lakini alisema kweli. "Mambo yakienda sawa, miaka minane."

Daktari alikuwa amesema Shomari hatazivuka mvua za vuli, na wote wawili walijua.

"Basi watainywa wengine," alisema Shomari.

Tone lenye chembe hizo lilianza kukauka kwa joto la taa ya hadubini, na pembezoni chembe zikavunja safu. Mwatumu akanyoosha mkono azime taa.

"Iache kidogo," Shomari alisema, jicho bado kwenye kioo. "Hapa katikati bado naziona."