Mikono ya Mwokaji Mikate

Mahakama ya kijeshi ilikaa katika ghala la pamba, kwa kuwa jengo la mahakama lilikuwa limeungua vitani. Kanali Tabu Lukindo, hakimu wa kesi hiyo, alimtazama Koplo Nyambari kizimbani. Kijana huyo alimpiga risasi mwokaji mikate aliyetoka nyumbani kwake wakati wa mapigano, muda mfupi baada ya rafiki wa koplo kuuawa.

"Moshi ulikuwa mwingi," wakili alisema. "Alidhani ni adui mwenye silaha."

Kanali alimgeukia koplo. "Wewe mwenyewe unasemaje?"

Wakili alimkazia macho mteja wake.

"Nilimwona vizuri, afande. Alikuwa ameinua mikono juu, imejaa unga. Nilikuwa na hofu, tena nilikuwa na hasira."

Mjane, Bi Mwanakombo, akajifunika uso kwa kanga. Tangu msiba ule, mtaa mzima ulikuwa ukinong'ona kwamba mumewe alificha bunduki.

Kanali naye aliwahi kupigana. Hofu ile aliijua. Hata hivyo sauti yake haikutetereka. "Hofu yako imekuokoa na kitanzi. Haiwezi kukuokoa na jela. Miaka kumi na mitano."

Askari walipomchukua, mjane alisimama mbele yao, akawazibia njia. Walimtazama Kanali. Yeye akawaashiria wamwache.

"Kijana," Bi Mwanakombo alimwambia koplo, "kabla hujampiga, mume wangu alisema neno lolote?"

Koplo aliinua kichwa, akamtazama kwa mara ya kwanza. Midomo yake ikaanza kufunguka.