Umri wa Mishi

Majina ya mji ule nayajua kuliko mtu yeyote, ingawa la jirani yangu hunitoka kila siku. Kila nyumba ilikuwa na Mwanamishi wake, akiitwa Mishi kwa ufupi, kwa sababu mkunga Bi Tima aliapa kuwa jina hilo lilimzeesha marehemu dada yake mpaka akaishiwa meno.

Asubuhi moja Mwanaidi alimletea mkunga huyo mwanawe Mishi, anachemka homa.

"Atapona. Mishi hafi utotoni. Somo yake, dada yangu, alicheza na vitukuu."

"Nimetoka kumwombea dua huyo somo, bibi. Mbona kaburi lake halizidi urefu wa huu mkono wangu?"

Bi Tima akampokea mtoto, akaanza kumpepea kwa upindo wa kanga, harakaharaka, bila kuinua macho.