Bei ya Leo

"Hisa zimepanda tena, mama," alisema Cheche, kidole chake kikiwa juu ya namba iliyoshuka.

Mama mkwe wake alitabasamu, akaegemeza kichwa kwenye mto. Macho yake, meupe kwa mtoto wa jicho, yalitazama upande ambao gazeti halikuwapo.

"Zimepanda sana?"

"Si haba."

"Mungu akuzidishie, mwanangu."

Cheche alilikunja gazeti haraka haraka, kana kwamba bibi huyo angeweza kuchungulia. Hakuna aliyemlazimisha kuuanza uongo huu. Mdomo wake mwenyewe ndio uliomponza. Alikuwa fundi wa kuchomelea, na nusu ya maisha yake aliimalizia kwenye mabomba ya mafuta, akiunga kipande kwa kipande mpaka cheche za moto zikampa jina. Bei ya mafuta ilipoanza kuporomoka, na hisa za kampuni ya bomba zikawa rahisi, alijitia mtaalamu. Walikuwa mezani wakila, katika nyumba ya mama mkwe walimoishi wote.

"Bomba halijali bei," alitamba. "Mafuta yawe ghali, yawe ya kutupa, lazima yapite mle, na anayepitisha analipa. Huu ndio wakati wa kununua."

Mama mkwe alisikiliza. Kesho yake akatoa akiba yake yote ya upasuaji wa macho, akamkabidhi wakala wa hisa. Alitaka iongezeke kidogo, apone na abaki na cha matumizi. Mjukuu wake alikuwa ameshaanza kutambaa, naye hajapata kuiona sura yake.

Jambo ambalo Cheche hakulifikiria ni dogo tu: bei ikishuka mno, watu huacha kuchimba. Visima vikafungwa kimoja baada ya kingine, bomba likabaki na hewa, na hisa zikaanguka hadi ikawa hata kuziuza ni kujichekesha.

Angesema siku ile ile ya kwanza, ingekuwa aibu ya siku moja. Lakini mtu anamwambiaje mama mkwe, ambaye hata kumtazama usoni anaona haya, kwamba amempotezea macho? Akasema zimepanda. Siku ya pili ikabidi zipande zaidi. Mkewe alipogundua, alimkalia kooni.

"Wewe ndiye uliyeanza, wewe ndiye utakayemwambia. Mimi simo."

Siku iliyofuata Cheche alirudi kutoka karakana na gazeti kwapani, miguu mizito. Jirani yao, muuza samani, alikuwa akivuta futi kando ya ua wao. Alimsalimu kwa bashasha isiyo ya kawaida yake, akaendelea kupima. Cheche hakuwa na nafasi kichwani ya kuwaza habari za ua.

Ndani, mama mkwe alikuwa ameketi mahali pake karibu na dirisha, amevaa nguo yake nzuri. Kidole gumba chake kilikuwa na doa la zambarau.

"Mama, kidole kimepatwa na nini?"

"Si kitu. Si unajua sioni ninachoshika."

Dawa ya vidonda hiyo, aliwaza Cheche. Akalowesha kitambaa, akaanza kumfuta. Doa halikutoka. Kidole kile chembamba, kilichotulia mkononi mwake bila wasiwasi wowote, kilimvunja moyo kuliko maneno yote ya mkewe. Akaona sasa basi, liwalo na liwe.

"Mama, leo kabla sijasoma, nina jambo."

"Najua."

"Unajua?"

"Macho ndiyo yaliyokufa, mwanangu, masikio bado ninayo. Kila ukisoma sauti inakutetemeka. Unamaliza mbio mbio, unaondoka. Nimejua siku nyingi, nikawa nangoja uliseme mwenyewe."

Cheche alipiga magoti palepale sakafuni. Machozi yalimtoka, na pamoja nayo ikaja nafuu ambayo alikuwa ameshaisahau. Alijiona mjinga kwa kuteseka kiasi kile mbele ya mtu mwenye moyo mkubwa namna hii.

"Nisamehe, mama. Niliona haya."

"Na ni nani asiyeona haya? Mkwe gani ataweza kufungua kinywa amwombe mama mkwe aongeze pesa?" Alimpapasa kichwani kwa kidole kile cha zambarau. "Ndiyo maana nimefanya bila kuombwa. Nyumba yangu hii ameinunua jirani, asubuhi nimetia dole gumba. Mkeo sijamwambia, angenikataza. Pesa zote wakala amezitia kwenye bomba lako. Tena alitaka kunichosha na maelezo ya bei, nikamwambia anyamaze, ninaye wa kunisomea kila siku."

Akajiegemeza kwenye mto, akafumba macho, tayari kusikiliza.

"Haya, soma, mwanangu. Leo zimefika wapi?"