Utando Mnene

"Weka ule utando mwembamba, hooyo, mama yangu. Nimekuomba mara ngapi?"

"Mwembamba ulipasuka Ijumaa. Na ule wa kabla yake pia ulipasuka."

"Kwa sababu uliuacha ukakauka."

"Hapa ni Merti, Abdinasir. Kila kitu kinakauka."

Ubah, muuguzi wa pekee wa zahanati, alikuwa amepiga magoti kando ya mtambo wa haidrojeni. Tangu betri za sola ziibiwe, mtambo huo ndio ulioendesha friji ya chanjo na mnara wa simu ulio nyuma ya ua. Utando wa tatu uliokuwa ndani sasa, unaotenganisha gesi na hewa, nao ulikuwa umeanza kuvuja. Mbele yake kulikuwa na tando mbili mpya, kazi ya mikono ya mwanawe, zilizotumwa kutoka ng'ambo. Mmoja ulikuwa mwembamba kama ganda la kitunguu na ulipitisha umeme vizuri. Wa pili ulitiwa nyuzi. Haukuchanika hata ukivutwa kwa koleo, ila umeme uliupita kwa shida.

"Huo mnene utatosha friji tu. Mnara utazimika."

"Mnara hauchanji watoto."

"Na huko hakuna mnara mwingine."

"Najua."

"Nitatengeneza utando wenye yote mawili, nguvu na umeme. Nipe miezi michache."

"Surua haina miezi michache."

Abdinasir akausogeza uso wake karibu na kamera ya simu. "Umekula?"

"Nimekula."

Mkate wa anjera wa asubuhi ulikuwa bado umefunikwa mezani, haujaguswa. Kando yake kulikuwa na kikombe kimoja, simu imekiegemea.

"Una kichwa kigumu kama ngamia, hooyo."

"Na wewe ulilelewa kwa maziwa yake."

Akacheka, kisha akaacha. "Jaribu mwembamba wiki moja tu. Tafadhali."

"Ukichanika nikiwa nimelala, chanjo zote zitaharibika. Kina mama wanatoka mbali na watoto mgongoni. Niwaambie nini?"

"Fikiria kwanza."

"Nimefikiria." Ubah alijifuta mikono kwa ncha ya shtara, mtandio wake mrefu. "Sali kwa wakati. Na uvae lile koti zito, si hilo la kujionyesha."

"Hooyo, ngoja, usifunge, nilitaka ku—"

Akafunga gesi.

Juu ya mnara taa nyekundu ikazimika, na simu iliyoegemea kikombe ikanyamaza, Abdinasir akabaki peke yake huko kwenye theluji. Ubah akailaza simu kifudifudi, akachukua spana na ule utando mnene.