Skii Zilizofika Kidevuni

Siku hizi huko Marangu hakuna anayejaribu dukani skii, zile mbao ndefu za kuvaa miguuni na kuteleza juu ya theluji. Sakafu ya nyumba husikiliza hatua za mtu mwaka mzima, kisha duka humletea zinazomfaa kwa majira ya theluji yanayokuja.

Ndeshimona na mumewe, Eliawony, walipiga magoti wakasali kwanza, kisha wakafungua mzigo kutoka dukani. Skii za Eliawony zilimfikia kwenye paji la uso, kama za mwaka jana. Ndeshimona akazisimamisha zake mbele ya uso. Zilikomea kidevuni.

"Hizi ni za wanaojifunza," alisema.

Eliawony alicheka. "Umerudishwa chekechea, Mama Aika! Jumapili nani ataiongoza kwaya kuteremka kwa skii hadi kanisani?"

"Uzito wangu ni uleule, na urefu ni uleule. Labda wamekosea."

"Wamewahi kukosea lini?" alisema, kisha akaacha kucheka.

Ndeshimona alizipinda kidogo. Zilikuwa laini, za mtu asiyetakiwa kwenda kasi. Hakuogopa, alitaka tu kujua sakafu ilikuwa imesikia nini ambacho yeye hakukisikia.

"Nyamaza kidogo, Baba Aika."

Alivua viatu, akatembea polepole kutoka mlangoni hadi jikoni, akitega sikio. Mguu wa kulia ulitua. Wa kushoto ulijiburuza kidogo, kisha ukatua. Akarudi mlangoni. Ikawa vilevile.

"Umesikia?" aliuliza.

"Nimesikia."

Eliawony akapiga magoti tena, ingawa walikuwa wameshasali.